Betri Juu ya Ungo

Katika nyumba yetu ya kambini redio ilitumia betri nne, na marehemu baba peke yake ndiye aliyeruhusiwa kuzigusa. Wengine waliziita mawe, na kweli zilikuwa nzito kama mawe katika mkono wa mtoto. Sauti ya mtangazaji ilipoanza kufifia, baba hakukimbilia dukani. Alizitoa moja moja, akazifuta kwa kitambaa, akazipanga juu ya ungo wa mama na kuzianika juani kando ya mahindi. Jioni alizirudisha mahali pake, na taarifa ya habari ya saa mbili usiku ikasikika tena, siku mbili au tatu zaidi. Mama alinung'unika kwa ajili ya ungo wake. Sisi watoto tuliamini baba anajua uganga.

Haukuwa uganga. Betri ile ya zinki na kaboni, ambayo asili yake ni kazi ya Mfaransa Georges Leclanché ya mwaka 1866, na ambayo Mjerumani Carl Gassner aliifanya kuwa kavu miaka ishirini baadaye, huwa haijafa kabisa redio inapoanza kukoroma. Ndani yake bado kuna zinki ambayo haijaliwa, ila mwendo wa kemikali umezorota. Ukiipumzisha na kuitia joto, mwendo ule huchangamka kwa muda. Baba hakusoma kemia, lakini alikuwa amesoma betri yake.

Nayataja haya kwanza kwa sababu nimeishi na betri za kila aina, na kila moja ilikuja na sheria yake. Mwaka 2006 niliadhibiwa kwa kuitii sheria ya betri moja nikiwa nimeshika nyingine, na adhabu yenyewe bado naitumikia.

Mwaka 2004 mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, alirudi likizo kutoka Ulaya akaniletea kompyuta mpakato, hii ambayo vijana huiita laptopu. Ilikuwa imekwishatumika na mtu mwingine, lakini ilikuja na betri mbili, moja ndani ya mashine na nyingine ya akiba. "Haya, mjomba, sasa hadithi za babu zitapata pa kukaa," akaniambia. Wakati huo nilikuwa nafundisha somo la historia katika shule moja ya sekondari mjini Tanga. Kwa miaka mingi nilikuwa nimewasomesha vijana habari za manamba wa mashamba ya mkonge kutoka kitabuni, na huku manamba mwenyewe, baba yangu mzazi, yuko hai umbali wa safari ya nusu siku. Alitolewa Kasulu akiwa kijana, akaletwa Korogwe kukata mkonge, na hakurudi tena kwao. Mashine ile ilikuwa na kinasa sauti. Nikajiapiza kwamba nitaichukua sauti yake yote, tangu Kasulu hadi leo.

Kabla ya kuanza nikamwendea fundi mmoja, mtu mwangalifu sana, nikamwomba anifundishe kutunza betri. "Mwalimu," akasema, "usiichaji kabla haijakwisha. Iache iishe kabisa, mashine ijizime yenyewe, ndipo uchomeke. Ukizoea kuichaji ikiwa nusu, nayo itazoea nusu. Na hiyo ya akiba, imalize yote, uifunge vizuri uiweke sandukuni ipumzike." Niliyaandika maneno hayo nyuma ya daftari langu la maazimio ya kazi. Ile ya akiba nikaimaliza mpaka tone la mwisho, nikaifunga katika kitambaa, nikaiweka chini ya sanduku la nguo. Nyingine ilikaa ndani ya mashine, na kwa kuwa sikutaka kuichaji nusu nusu, niliona heri nisiichomoe kabisa. Ikashinda na kulala imechomekwa ukutani, juu ya meza iliyo chini ya bati, katika joto la Tanga ambalo wenyeji wa Tanga wanalijua.

Fundi yule hakunidanganya. Alichoniambia kilikuwa kweli, ila kilikuwa kweli ya betri nyingine. Nilipokuja kuifuatilia habari hii baadaye, kwa uchungu wa mtu aliyechelewa, niliona kwamba historia nzima ya betri ni historia ya sheria zinazopinduana.

Wengi huianza na Alessandro Volta wa Italia, aliyewaandikia wataalamu wa Royal Society ya London mwezi Machi mwaka 1800 kuwaeleza jinsi alivyopanga vipande vya zinki na vya fedha kwa zamu, akitenganisha kila jozi kwa kitu kilicholoweshwa maji ya chumvi, na umeme ukatoka. Huyo tumwache, maana umeme wake ulikuwa wa mara moja: zinki ikiliwa, basi. Betri ya kwanza ya kujazwa upya iliyofaa kwa kazi ni ya Gaston Planté wa Ufaransa, mwaka 1859. Alichukua mabamba mawili ya risasi, akayaviringisha pamoja bila kugusana, akayazamisha katika tindikali. Ndugu yake wa karibu ndiye anayekaa mpaka leo chini ya boneti ya kila lori. Sheria ya betri hiyo kila dereva anaijua: usiiache tupu. Ikikaa tupu, mabamba yake hufunikwa na fuwele ngumu, na hizo zikishakomaa hazirudi kuwa umeme tena. Nakumbuka vijana wa kwetu wakifunga betri ya gari juu ya karia ya baiskeli na kuipeleka mbali ikachajiwe, ili muziki upigwe harusini. Na mwenye betri alikesha na wasiwasi isije ikanyonywa yote.

Mwaka 1899 Msweden Waldemar Jungner akaunda betri ya nikeli na kadmiamu, na sheria ikageuka chini juu. Betri hii haikuogopa kumalizwa. Unaweza kuimaliza yote ukaiweka kabatini muda mrefu, ukaitoa, ukaichaji, ikafanya kazi. Kilichoisumbua ni mazoea. Wahandisi wa vyombo vya angani waligundua kwamba betri za setilaiti, ambazo hupita juani na kivulini kwa saa zilezile na kutumika kwa kiasi kilekile kila mzunguko, zilifika mahali zikaanza kulegea pale pale zilipozoea kusimama, kana kwamba zimesahau akiba iliyobaki. Ndiyo maana wakauita ugonjwa huo kumbukumbu. Ndani ya betri, chembe za kadmiamu zilikuwa zimekua na kuwa fuwele kubwa, na dawa ilikuwa kuimaliza kabisa ili zivunjike. Wataalamu wengine walisema baadaye kwamba katika vifaa vya nyumbani ugonjwa wenyewe ulikuwa nadra, na kwamba mara nyingi kosa lilikuwa la chaja duni zilizozidi kuisukumia umeme betri iliyokwisha kujaa. Hata hivyo dawa ilikuwa ileile, na ilifaa.

Sasa tazama mambo yalivyokutana. Kompyuta za kubebwa zilipoanza kuenea katika miaka ya 1980, nyingi zilitumia nikeli na kadmiamu. Epson HX-20, moja ya zile za mwanzo kabisa, ilikuwa nayo. Hata waliojaribu njia nyingine hawakupata raha: Macintosh Portable ya kampuni ya Apple, iliyotoka mwaka 1989, ilitumia betri ya risasi kama ya gari, ikawa na uzito wa zaidi ya kilo 7, na betri yake ikifa mashine haikuwaka hata ukiichomeka ukutani. (Nilipoisoma habari hiyo nilicheka peke yangu, nikajua kumbe siko peke yangu.) Kwa hiyo kizazi cha kwanza cha watu waliobeba kompyuta, pamoja na mafundi wa simu za upepo na kamera za video, walijifunza neno moja: imalize kwanza, ndipo uichaji. Fundi wangu alikuwa amelishika neno hilo kwa miaka ishirini, na kwa miaka ishirini lilikuwa limemlipa.

Lakini betri zangu mbili hazikuwa za nikeli. Zilikuwa za lithiamu.

Hiyo ilianza katika hofu ya mafuta ya miaka ya 1970. Stanley Whittingham, Mwingereza aliyekuwa akifanya utafiti katika kampuni ya mafuta ya Exxon huko Marekani, alionyesha kwamba lithiamu inaweza kuingia na kutoka katikati ya tabaka za kitu kingine bila kukibomoa. Betri yake ilitumia lithiamu tupu upande mmoja, na lithiamu tupu ina hasira. Iliweza kushika moto. Mwaka 1980 John Goodenough na wenzake pale Oxford wakapata makao bora upande wa chanya, yaani oksidi ya kobalti, na nguvu ikapanda hadi volti 4 hivi. Karibu na wakati huohuo mwana wa Afrika, Rachid Yazami, mzaliwa wa Fès nchini Morocco aliyekuwa akisoma Grenoble, akaonyesha kwamba lithiamu inaweza pia kuingia na kutoka katika madini ya kinywe, yale ambayo kwetu yanapatikana Mahenge na Ruangwa. Mjapani Akira Yoshino akaunganisha kobalti ya upande mmoja na kaboni ya upande wa pili mwaka 1985, pasipo lithiamu tupu popote, na kampuni ya Sony ikaiingiza sokoni mwaka 1991. Tuzo ya Nobeli ya kemia ya mwaka 2019 walipewa Whittingham, Goodenough na Yoshino. Sheria za tuzo ile hazikubali zaidi ya watu watatu, nami kama mwalimu nisingependa wanafunzi wangu wamsahau yule wa nne. Goodenough alikuwa na umri wa miaka 97 alipoipokea.

Kobalti nayo ina habari yake. Sehemu kubwa ya kobalti ya dunia hutoka Kongo, katika ardhi ya Kolwezi na Likasi, ambako wachimbaji huteremka mashimoni wakizungumza Kiswahili, Kiswahili cha kwao chenye ladha yake. Baba alikulia upande huu wa Ziwa Tanganyika akiwasikia watu wa ng'ambo wakitaja migodi ya Katanga kama sisi tulivyokuja kuitaja mikonge. Wote walikuwa vijana wanaopewa namba. Sikujua, nilipokuwa nimeshika betri ile, kwamba huenda nilishika kipande cha nchi ile.

Ukitaka kuielewa betri hii, fikiria nyumba mbili na wapangaji wanaohama kati yake. Wapangaji ni lithiamu. Ukichaji, unawahamishia kwenye nyumba ya kinywe, ambayo ndani ni tabaka tabaka kama kurasa za kitabu. Ukitumia, wanarudi nyumba ya kobalti. Hakuna ukuta unaoliwa kama zinki ya baba. Ni kuhama na kurudi tu, mamia ya safari. Betri hii haina ile kumbukumbu ya kadmiamu iliyowatia watu hofu. Ukiichaji ikiwa nusu haidhuriki. Tena hupenda hivyo, maana kinachoichosha ni kusukumwa mpaka mwisho wa upande wowote. Ikikaa imejaa pomoni, na juu yake pana joto, kimiminika cha ndani huanza kuharibika na kuacha utando unaowazibia wapangaji njia. Huo ndio ulikuwa mwisho wa betri yangu ya mezani. Ikikaa tupu, hatari ni nyingine. Mashine inapojizima huwa bado imeacha akiba ndogo, lakini betri huvuja yenyewe polepole, na kile kisakiti kinachoilinda nacho hunywa kidogo kidogo. Baada ya miezi nguvu hushuka chini ya mpaka, na hapo shaba iliyo ndani, inayobeba umeme upande wa hasi, huanza kuyeyuka. Kwa usalama kile kisakiti hukataa kabisa kuichaji tena. Huo ndio mwisho wa ile ya sandukuni. Niliidhani imepumzika.

Mtu ataniuliza kwa nini basi sheria ya zamani haikufa pamoja na betri ya zamani. Nadhani ni kwa sababu kwa nje hukuweza kuzitofautisha: plastiki nyeusi ileile, jina lilelile la betri, chaja ileile ya waya. Na tena kulikuwa na jambo dogo lililoipa sheria hiyo uhai wa bandia. Kompyuta haioni kilichomo ndani ya betri. Hukisia tu, na baada ya muda makisio yake hupotoka. Hivyo watengenezaji wengine walishauri kwamba mara moja moja uitumie kutoka kujaa hadi karibu na kwisha, ili kipimo kijirekebishe. Watu wakasikia kwamba betri inatibiwa, kumbe kinachotibiwa ni kipimo.

Safari yangu ilikuwa mwezi Agosti mwaka 2006. Wanaokumbuka mwaka ule watakumbuka ukame, mabwawa yaliyokauka na mgao wa umeme. Kijijini kwa baba hakukuwa na umeme wa kugawa hata huo. Usiku wa kuamkia safari nikaitoa betri ya akiba sandukuni na kuichomeka. Taa ikapepesa mara chache, ikazimika, na haikuwaka tena, hata nilipoisugua, hata nilipoomba. Nikajipa moyo kwamba ya mezani imejaa. Mashine yenyewe iliandika mia kwa mia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na redio?"

Nikamweleza kwamba hii ndiyo itakayobeba maneno yake. Akavaa kofia yake, akakaa wima juu ya kiti kama mtu anayepigwa picha, akaanza. Alisema vizuri mno. Alianza na siku waandikishaji walipofika, namba aliyopewa, blanketi aliyopewa, na treni ya Kigoma iliyomtia hofu hata akashika mguu wa mtu asiyemjua. Alieleza kipande, ile kadi ya siku thelathini, na jinsi siku usiyomaliza kazi ilivyokuwa haihesabiwi. Nilikuwa nimeketi kwenye jamvi mbele yake. Dakika ya 19 mashine ikalia kutoa onyo. Nikaharakisha kuhifadhi nilichonasa, nikaanza upya, na kabla ya dakika mbili kioo kikawa cheusi. Hiyo ya pili haikuhifadhiwa.

"Imekwisha?" akauliza.

"Imekwisha, baba."

"Lete."

Nikaichomoa betri nikampa kwa mikono miwili. Akaipindua, akaifuta kwa pindo la shati, akaita aletewe ungo, akaiweka juani. Sikuwa na uso wa kumwambia kwamba betri hii si kama ile, na siku hiyo, kusema kweli, sikuwa na hakika. Leo najua kwamba nilikuwa nimeitoa katika joto lililoiua na kuirudisha katika joto kali zaidi. Tulikula, tukasali, tukazungumza habari za watoto. Jioni ilikuwa ya moto kama jiwe la mekoni. Nikaipachika, nikabonyeza, na mashine ikawaka kwa kitambo kidogo, kisha ikazima.

"Si unaona," akasema baba. "Kesho itapanda."

Mwezi uleule kampuni ya Dell ilizirudisha betri milioni 4.1 za kompyuta mpakato, zenye seli zilizotengenezwa na Sony, kwa kuwa chembechembe za chuma zilikuwa zimeingia ndani na baadhi zikashika moto. Nilikuja kuisoma habari hiyo baadaye sana. Kesho yake mimi nilirudi Tanga, shule zilikuwa zinafunguliwa, nikamwahidi kurudi Desemba na betri mpya. Betri mpya sikuipata mpaka Januari. Baba alifariki mwezi Februari mwaka 2007.

Tangu hapo nimebadilisha kompyuta mara tatu. Naichaji ninapoona inafaa, siisubiri ikate roho. Nikiwa nyumbani kutwa naiwekea kikomo cha asilimia 80, maana nyingi za siku hizi zina nafasi hiyo. Ile nisiyoitumia naiacha karibu na nusu, mahali penye ubaridi, na kila miezi michache naichungulia. Siiweki juu ya godoro wala ndani ya gari lililofungwa juani. Fundi yule nilikutana naye tena, nikamweleza, akakaa kimya kidogo, akaniomba nimwandikie. Nikamwandikia.

Zile dakika 19 ninazo, nimezinakili mahali patatu. Zinaishia pale niliposhtushwa na onyo na kukimbilia kuhifadhi, katikati ya maneno yake: "Tulipofika Korogwe, yule karani akatuambia…" Baba hakunyamaza niliponyamazisha mashine. Aliendelea mpaka mwisho wa kisa, na nadhani kilikuwa kisa cha kuchekesha, maana nasikia kumbukumbu ya kicheko chake. Dada yangu huniuliza karani aliwaambia nini. Nilikuwapo, nilikuwa nimeketi hatua mbili kutoka kwake, na macho yangu yalikuwa kwenye taa ya betri.